Bwana Nyoka: mzee wa Liwale na koleo lake

Ile mada ya kuwinda kanga niliyoweka hapa imezaa mambo. Mdau wetu mmoja aliyeko Marekani akatuchangamsha kwenye maoni na habari za bata mzinga wa porini. Kule mwindaji anabeba kisanduku cha mbao chenye kifuniko kilichoshikwa na skrubu moja. Ukikisugua kifuniko kwenye ukingo wa kisanduku, kinatoa mlio wa bata jike, na dume akiusikia anajileta mwenyewe. Siri yote iko kwenye chaki. Kifuniko kikipakwa chaki isiyo na mafuta wala nta, mbao zinashikana na kulia. Chaki ikiwa na mafuta, mbao zinateleza na kisanduku kinakuwa bubu. Basi watu wazima na ndevu zao wanabishana kila msimu: chaki ya buluu au nyeupe, ya fundi seremala au ya ubaoni.

Wengine mlicheka. Mimi sikucheka hata kidogo, maana mwindaji yeyote wa kweli ukimfuatilia utakuta ana kitu kimoja kidogo hivi ambacho ndicho kinampa ugali. Na huku kwetu kusini tulikuwa na mmoja ambaye bunduki alizitumia nusu ya maisha, halafu nusu ya pili akawa maarufu dunia nzima kwa sababu ya koleo. Ndiyo, koleo, la kukamatia nyoka. Wazee wa hapa Kitomanga ukiwatajia jina lake la kizungu hawakuelewi. Taja Bwana Nyoka, utasikia.

Jina kamili ni Constantine John Philip Ionides. Kazaliwa Uingereza, Januari 1901, kwenye ukoo wa matajiri wenye asili ya Ugiriki. Mzee mmoja wa ukoo huo, Constantine Alexander Ionides, alikuwa mkusanyaji wa picha za thamani, na alipofariki mwaka 1900 mkusanyiko wake ulikwenda kwenye makumbusho ya Victoria and Albert pale London, upo mpaka leo. Yaani kukusanya vitu na kuvipeleka makumbusho ilikuwa damuni. Tofauti ni kwamba huyu wetu alikusanya vitu vinavyouma.

Alisoma Rugby, shule ya watoto wa wakubwa. Hapo kuna jambo la kuangalia, kwa sababu shule hiyo hiyo alipita Frederick Courteney Selous, mwindaji aliyeuawa kwa risasi ya Wajerumani pale Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65 na bado yuko vitani. Mwaka 1922 Waingereza walilipa pori letu la akiba jina lake. Kijana Ionides alikua akizijua habari za Selous, na kila alichofanya baadaye kinaonyesha alitaka maisha ya namna ile ile. Baada ya Rugby akaingia chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akawa ofisa, akapelekwa India, halafu katikati ya miaka ya 1920 akahamia kikosi cha King's African Rifles huku Tanganyika. Jeshi lenyewe halikumkaa. Alichokitaka ni pori.

Akaacha jeshi, akawinda tembo. Na tusipambe maneno hapa: sehemu ya uwindaji huo ulikuwa ujangili mtupu, pembe za kuvusha mpaka wa Kongo ya Wabelgiji. Akawa pia mwongozaji wa wawindaji matajiri. Halafu mwaka 1933 jangili akageuka askari, akaajiriwa Idara ya Wanyamapori, akapangiwa Jimbo la Kusini. Liwale. Wenzangu mnaoijua barabara ya Liwale wakati wa masika mnajua maana ya kupangiwa Liwale. Yeye alipapenda kuliko mahali popote duniani.

Sasa lazima nieleze Liwale aliyoikuta, maana bila hivyo habari ya mtu huyu haieleweki. Julai 1905 Vita vya Maji Maji vilipolipuka kutoka Matumbi, boma la Wajerumani Liwale lilikuwa kati ya mambo ya kwanza kuchomwa. Wajerumani walijibu kwa kuchoma mashamba na maghala, wakaacha njaa imalize kazi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000, na wengine wanafika 300,000, wengi wao kwa njaa. Watu wakipungua, shamba linarudi kuwa kichaka, na kichaka kikirudi tembo naye anarudi, pamoja na mbung'o. Kwa hiyo miaka ya 1930 Ionides anapofika, tembo wako kwenye mashamba ya Wangindo kama vile ni mali yao.

Kazi yake rasmi ilikuwa kulinda mazao. Yeye na askari wake walipiga tembo wengi waliovamia mashamba, na walipiga simba wala watu. Hili la simba watu wa Dar wanaliona hadithi. Sisi si hadithi. Watafiti walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania kati ya mwaka 1990 na 2004, na Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Waligundua pia nguruwe pori ana mkono wake: mkulima analala dunguni kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe, simba anamfuata nguruwe, anamkuta mkulima. Enzi za Ionides ni hivyo hivyo. Mtu aliyekuja na bunduki kummaliza simba wa kijiji alipokewa vizuri, hata kama jana yake aliwakamata vijana wa hapo hapo kwa kuwinda bila kibali.

Alitembea kwa miguu. Gari hakulitaka porini. Alikuwa anaondoka na wapagazi wakati wa kiangazi na kukaa miezi porini, akipima kila mto na kila njia ya tembo. Kofia kuukuu, shati limechakaa, kaptura, sigara haikati. Hakuoa. Picha zake zinaonyesha mtu mwembamba mwenye pua ndefu na macho makali, ungedhani ni fundi baiskeli aliyechoka na si mtoto wa tajiri.

Katika miaka hiyo ya Liwale ndipo alipofanya jambo ambalo mimi naona ndilo zito kuliko nyoka wote. Pori la Selous wakati ule lilikuwa dogo. Wajerumani walianza kutenga eneo la akiba mwaka 1896, wakaongeza mengine, Waingereza wakayaunganisha. Ionides pamoja na ofisa tawala aliyeitwa Rooke Johnston walikuwa na wazo moja: tembo wakae upande wao, watu upande wao, na mstari uwe katikati. Tembo akivuka mstari anapigwa. Mtu je? Miaka ya 1940 ugonjwa wa malale ulitumika kama sababu ya kuwahamisha watu wa Liwale kutoka vijiji vyao vya ndani na kuwakusanya kwenye makazi mapya. Vijiji vilivyoachwa vikaingizwa kwenye pori. Mipaka ikasogezwa, ikasogezwa tena, mpaka Selous ikafikia takriban kilomita za mraba 50,000, kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya.

Wanahistoria wanabishana malale ilikuwa sababu kweli au kisingizio. Malale ilikuwepo, watu walikufa, hilo halina ubishi. Lakini ukiangalia nani alikuwa anataka nini kabla ya malale, na nani alipata nini baada yake, binafsi naona ugonjwa ulifika wakati ambao ulimfaa sana mtu aliyekuwa anaitaka ardhi ile iwe tupu. Kuna koo hapa mkoani ambazo makaburi ya mababu zao yako ndani ya pori, na kwa miaka mingi kwenda kuyazuru bila kibali ni kosa. Hilo nalo ni sehemu ya maisha ya Bwana Nyoka, na vitabu vya Wazungu kuhusu yeye vinalipita haraka kidogo.

Haya, nyoka sasa.

Alianza kama mkusanyaji. Makumbusho ya Coryndon, Nairobi, ambayo sasa ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, yalikuwa yakihitaji sampuli, naye alikuwa anakaa mahali ambapo mtaalamu hafiki. Sampuli zilisafiri mpaka London. Mwaka 1950 mtaalamu wa makumbusho ya Uingereza, Battersby, alimpa jina la Ionides mnyama mmoja wa chini ya ardhi huku kwetu, anayefanana na mnyoo mnene, hana miguu, watu wanamfukua shambani na kumwita nyoka. Si nyoka wala si mnyoo, yuko karibu zaidi na mijusi. Sasa hivi anaitwa Loveridgea ionidesii. Jina la kwanza ni la Arthur Loveridge, mtaalamu wa Harvard aliyefanya kazi kubwa ya nyoka na vyura wa Tanganyika. Kwa hiyo kamnyama kamoja ka shambani kamebeba majina ya mabwana wawili.

Katikati ya miaka ya 1950 akastaafu idara. Pori akamwachia kijana wake wa kazi, Brian Nicholson, ambaye baadaye aligawa Selous kwenye vitalu vya uwindaji wa kulipia. Mzee mwenyewe akahamia Newala, juu ya uwanda wa Makonde, akafanya nyoka kuwa kazi ya kutwa. Newala alipachagua kwa akili. Kule kuna vichaka vizito, kuna miembe na mikorosho, na kuna koboko wa kijani kwenye miti hiyo kwa wingi ambao sehemu nyingine za Afrika hawauoni. Kuna na yule kifutu mkubwa, ambaye wataalamu humwita kifutu wa Gabon, mwenye mapambo mgongoni kama mkeka wa rangi. Meno yake yanaweza kufika sentimita 5. Kalala kwenye majani makavu humwoni, unamkanyaga. (Wasomaji wa Rondo, Mchinga na Kilwa, jina lake kwa Kimwera na Kimatumbi tafadhali, tulinganishe.)

Utaratibu ulikuwa hivi. Mwanakijiji akiona nyoka, hamuui. Anaacha mtu wa kumlinda kwa macho, mwingine anakimbia kwa Bwana Nyoka. Mzee anafika na watu wake na vifaa, anamkamata, aliyeleta habari analipwa. Mnaona alivyowageuza watu? Mtu ambaye maisha yake yote nyoka ni wa kupigwa fimbo, sasa anamlinda asiondoke kwa sababu ni fedha ya kodi. Nyoka walipakiwa kwenye masanduku wakaenda kwenye bustani za wanyama Ulaya na Marekani, na kwenye maabara zinazokamua sumu. Walikuwa maelfu.

Na hapa ndo linaingia koleo, ndugu zangu wa chaki.

Kwetu mtu akiambiwa akamate nyoka bila kumuua, anakata fimbo yenye panda. Unambana nyoka shingoni, unamshika. Inaonekana rahisi. Tabu ni kwamba panda hubana mahali pembamba kabisa, palipo na mifupa myepesi, na nyoka akijinyonga anajiumiza. Anaweza kuonekana mzima leo, kesho kutwa amekufa ndani ya sanduku. Nyoka aliyekufa sandukuni halipwi, na nyoka mwenye taya lililoumia hatoi sumu vizuri. Kwa mtu anayekula kwa nyoka wazima, panda ni hasara.

Koleo lina mpini mrefu, midomo mbele na kishikio nyuma, unabana ukiwa mbali. Ila koleo nalo si koleo tu. Midomo ikiwa myembamba na ya chuma kitupu, ukibana kwa woga unavunja mbavu. Ikiwa mipana mno, nyoka mwembamba wa mtini anapita katikati kama uzi. Mpini ukiwa mfupi, uko ndani ya umbali wa kuumwa. Ukiwa mrefu mno kwa nyoka wa chini, mkono hausikii kinachoendelea kule mbele, na hapo ndipo kila kitu kilipo: mkono usikie. Sawasawa na yule jamaa wa bata mzinga, ambaye chaki kwake ni suala la mbao kushikana kiasi, zisikwame na zisiteleze.

Kwa koboko wa mtini, ambaye ni mwepesi na ana haraka, Ionides alitumia miti mirefu yenye koleo mbele. Vijana walifyeka matawi yanayogusana na miti ya jirani ili nyoka asiwe na daraja la kukimbilia. Halafu mtu anapanda. Hebu fikirieni: uko juu ya mwembe, mikono miwili imeshika mti mrefu, umejibanza kwa magoti, na huyo wa kijani yuko anakuangalia. Mzee alifanya hivyo akiwa ameshavuka miaka 50.

Kwa kifutu wa Gabon ilikuwa tofauti kabisa, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Alimgusa kichwani kidogo tu na ncha ya koleo, kumpima hasira. Mara nyingi hasira haikuwepo. Basi koleo anaweka chini. Anamshika shingo kwa mkono mmoja, mwingine anauweka chini ya tumbo kubeba uzito, anamwinua taratibu kama unavyoinua mtoto aliyelala, anampeleka kwenye sanduku. Kwa maelezo yake mwenyewe, nyoka hao karibu hawakupigana kabisa. Kwa hiyo matumizi makubwa ya koleo kwa nyoka mwenye meno marefu kuliko wote duniani yalikuwa kumbishia hodi.

Msijaribu nyumbani! Nasema kwa herufi kubwa ingawa sijaziandika. Kwanza kifutu wa kawaida, yule wa njiani, hana upole huo. Pili mwalimu mwenyewe aliumwa, tena mara nyingi, na vidole vyake vilibaki na kilema. Alikuwa na tabia ya kuandika alivyokuwa anajisikia baada ya kuumwa, saa kwa saa. Wengine wanaona ni ujasiri. Mimi naona ni ukaidi uliopata daftari. Ila maandishi ya namna hiyo yalikuwa na faida. Aliandika pamoja na Charles Pitman, aliyekuwa bwana nyama mkuu Uganda, makala za kisayansi zilizotoka mwaka 1965 kuhusu vifutu na nyoka wengine wa sumu wa Afrika Mashariki: wanakula nini, wanazaa wakati gani, wanapatikana wapi. Watafiti wa nyoka bado wanazitaja.

Umaarufu ulimkuta Newala. Alan Wykes alitoa kitabu kuhusu yeye mwaka 1960, kinaitwa Snake Man. Margaret Lane, mwandishi kutoka Uingereza, alikuja kukaa naye na mwaka 1963 akatoa Life with Ionides. Mwenyewe akatoa chake mwaka 1965, A Hunter's Story. Vitabu vitatu ndani ya miaka mitano kwa mtu aliyekuwa anakaa nyumba ya kawaida mwisho wa barabara. Tanganyika yetu ilipata uhuru mwaka 1961 akiwa hapo hapo, wakoloni wenzake wakafunga mizigo, yeye akabaki na nyoka wake.

Kinachonikera kwenye vitabu vyote vya aina hii ni watu wetu. Waliopanda miembe, waliofyeka, waliobeba masanduku kichwani, wavulana waliokaa chini ya mti saa tatu wamekodoa macho ili nyoka asipotee. Hao ni vivuli. Ninyi wa Lindi mnajua kisa cha Tendaguru, hapa jirani. Kuanzia mwaka 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, mamia ya watu wetu wakachimba na kubeba kwa kichwa mpaka bandari ya Lindi, tani 225, na mjusi mkubwa kasimama Berlin mpaka leo. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Jina lake lilikuja kupewa dinosaria mmoja, Australodocus bohetii, mwaka 2007. Karibu miaka mia! Kama ni zamu, basi wabeba nyoka wa Newala wasubiri mpaka 2060.

Na sumu je, ilirudi? Maana sababu nzuri ya kukamata nyoka wazima ni dawa. Sumu inakamuliwa, farasi anachanjwa kidogo kidogo, damu yake inatengeneza kinga, hiyo ndo dawa ya mtu aliyeumwa. Dawa ya Afrika Kusini inayochanganya kinga nyingi inashughulikia koboko, fira, kifutu na kifutu wa Gabon, yaani karibu orodha nzima ya Newala. Iko, inafanya kazi, lakini ni ghali na inataka friji. Zahanati nyingi za vijijini hazina. Nimeshasukuma pikipiki usiku na mgonjwa wa nyoka nyuma, zahanati ya kwanza hakuna dawa, ya pili hakuna dawa. Sitaji mahali, mnapajua, na kwenu pako hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa mwaka 2017. Miaka 60 baada ya masanduku ya Newala kuanza kusafiri, mkulima wa korosho anayevuna chini ya mkorosho wenye koboko bado anategemea bahati na bodaboda.

Wapo watakaoniambia koleo la Bwana Nyoka halihusiani na friji ya zahanati. Sawa. Lakini nyoka ni wa huku, mkamataji alikaa huku, waliombebea ni wa huku.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Miguu ile iliyotembea Selous nzima ndiyo iliyougua, mishipa ya damu, na sigara za maisha yote bila shaka zilichangia. Akapelekwa Nairobi, akafia huko Septemba 1968, miaka 67. Hakuzikwa Nairobi wala Uingereza. Alirudishwa porini, akazikwa ndani ya Selous, kwenye kilima cha Nandanga, upande wa Liwale.

Pori lenyewe lilipita mengi baada yake. Mwaka 1982 likawa Urithi wa Dunia. Tembo waliokadiriwa kuwa kama 109,000 mwaka 1976 wakabaki kama 13,000 kwenye sensa ya 2013, kazi ya majangili, na mwaka 2014 UNESCO ikaliweka kwenye orodha ya walio hatarini. Mwaka 2019 sehemu kubwa ikakatwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Tembo waliobaki nao hawakusoma ramani. Bado wanatoka, wanakula mahindi na mikorosho michanga ya watu wa Liwale, Nachingwea na Kilwa, na mstari ule wa Ionides na Rooke Johnston unavukwa kila msimu, safari hii bila Bwana Nyoka wa kuitwa.

Swali langu kwa wenye wazee wa Newala na Liwale, maana nataka tulimalize kabla hawajaondoka wote: mpini wa koleo lake ulikuwa wa mti gani? Mianzi? Mpingo ni mzito mno kushika juu ya mwembe, huo nauondoa. Fundi gani alimtengenezea midomo, na aliizungushia nini isiumize nyoka, ngozi au mpira wa baiskeli? Aliyeshika lile koleo kwa mkono wake, au baba yake alilishika, aandike hapo chini. Na jina lake aliweke.